Kabla Hujasema Kompyuta Imekufa

Hotuba kwa mafundi wa umeme wa magari na wanafunzi wao. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza kushika mita ya umeme: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie kompyuta ya injini, ile ambayo wengi wetu tunaiita kontrolboksi, na hitilafu zinazotokea ndani yake. Naomba nianze kwa kuuliza. Ni wangapi hapa mmewahi kumsikia fundi akisema, "Nimeshabadilisha kila kitu, sasa imebaki kompyuta tu"? Naona mikono, na ni mingi. Haya, swali la pili. Katika magari hayo, ni mangapi ambayo kompyuta iliyong'olewa ilipimwa na ubovu wake ukaonekana, kwa macho au kwa mita? Mikono imeshuka.

Ndugu zangu, "imebaki kompyuta tu" si kipimo. Huko ni kuchoka. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mwenye gari aliyesimama pembeni yako hana namna ya kujua tofauti. Yeye amekuamini. Ukimwambia kompyuta imekufa, ataitafuta nyingine, ataifunga, na gari litarudi kwako likiwa na ugonjwa uleule. Na wako wa upande wa pili, wanaoiogopa kompyuta kiasi kwamba hata ikifa kweli wanaendelea kufumua waya siku baada ya siku, kwa kuwa hawathubutu kusema kosa liko ndani ya lile boksi. Hawa wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni ushahidi. Kompyuta ihukumiwe kwa ushahidi. Na ushahidi unapatikana kwa vifaa ambavyo wengi wenu mnavyo tayari.

Kwanza tukumbushane kilichomo humo ndani, maana huwezi kumtuhumu usiyemjua. Mwaka 1979 Bosch walileta mfumo wao wa Motronic katika BMW 732i, na tangu hapo sindano za mafuta, yaani injekta, na cheche za plagi zikawa chini ya boksi moja. Boksi limebadilika sana, lakini mpangilio wake haujawa mgeni. Umeme wa betri unaingia. Ndani kuna sehemu inayoushusha na kuutuliza uwe volti 5, na katika kompyuta mpya kuna volti ndogo zaidi kwa ajili ya prosesa. Kuna prosesa yenyewe. Kuna kumbukumbu inayotunza programu. Kuna milango ya kupokea habari za sensa, yaani vipimo vidogo vinavyohisi joto, hewa na mengineyo. Halafu kuna transista za nguvu, ambazo kazi yake ni kufunga na kufungua ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri, ya injekta, koili za cheche, rilei na mota ndogondogo. Ukisema "kompyuta ni mbovu", uniambie ni sehemu ipi kati ya hizo. Ni ile ya volti 5? Ni kumbukumbu? Ni transista ya injekta ya silinda ya tatu? Fundi anayeweza kunijibu hapo, huyo amepima.

Sasa tuje kwenye chakula cha kompyuta, yaani umeme na ethi.

Kuna gari moja lililofika kwa fundi ninayemfahamu likiwa limetoka kufanyiwa ukarabati mkubwa wa injini. Linawaka, linakata. Linawaka tena, linatetemeka, skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta, inatoa kodi, yaani namba za hitilafu, za sensa ambazo hazihusiani hata kidogo. Leo joto la maji, kesho hewa, keshokutwa throto, yaani kile kilango cha hewa ya injini. Aliyetangulia kulishika alikuwa ameshapima ethi za kompyuta kwa kipimo cha omu, mita ikamwonyesha sifuri na ushee, akaandika kwamba ethi ni nzima. Kumbe boliti ya ethi ilikuwa imefungwa juu ya rangi mpya ya injini. Ilikuwa imegusa chuma kidogo tu, kwenye ncha za nyuzi zake. Kwa mkondo mdogo wa mita, pale panatosha. Kwa kompyuta inayofungua injekta na koili, hapatoshi hata kidogo.

Mnaona tatizo liko wapi? Mita ya omu inapeleka mkondo mdogo mno. Waya wenye nyuzi ishirini ukikatika nyuzi kumi na tisa, mita itakwambia waya ni mzima. Haikudanganyi, umeiuliza swali dogo. Uliza swali kubwa. Chomoa soketi ya kompyuta, fungua swichi, kisha chukua balbu ya wati 21, ile ya indiketa, uiunganishe kati ya pini ya umeme na pini ya ethi, kwenye soketi hiyohiyo. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ikiwaka kwa nguvu yake yote, njia ni nzima. Ikififia, umeshapata kazi ya kufanya, na bado hujaigusa kompyuta. Rudia kwa kila pini ya umeme na kila pini ya ethi, kwa sababu kompyuta nyingi zina ethi mbili, tatu au zaidi, na moja ikiwa mbovu nyingine zitaificha.

Kisha rudisha soketi, washa injini, weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye ethi ya kompyuta, kutoka nyuma ya soketi. Mimi nataka kuona chini ya volti 0.1. Ukiona nusu volti, acha habari ya sensa, acha habari ya kompyuta, fuata ethi.

Naomba niseme neno hapa kwa vijana. Mnapopima kwenye soketi ya kompyuta, msisukume ncha ya mita ndani ya tundu la pini. Tundu likipanuka, mmetengeneza hitilafu mpya inayokuja na kupotea, na ya aina hiyo inaweza kumsumbua fundi mwingine miezi mingi baadaye. Tumieni pini inayolingana na tundu, au ingieni kwa nyuma.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeua kompyuta nyingi zisizo na hatia kuliko jingine lolote. Ni ule waya wa volti 5.

Kompyuta inatengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa. Sensa ya throto, sensa ya shinikizo la hewa, sensa ya pedali, sensa ya shinikizo la mafuta, na katika magari mengi hata ile sensa ya shinikizo la gesi ya kiyoyozi, zote zinakula hapo. Nyingine zinachangia waya mmoja. Nyingine ziko kwenye waya wa pili au wa tatu, lakini ndani ya boksi zinaweza kuwa zimetoka chimbuko moja. Sasa niambieni: mmoja wao akipiga shoti, nini kitatokea kwa wenzake?

Wote wanalala njaa. Na kuna magari ambayo si sensa pekee zinazolala. Kompyuta nzima inazimika. Unafungua swichi, taa ya injini haiwaki kwenye dashibodi. Unaunganisha skana, hakuna mawasiliano. Starta inazungusha vizuri, cheche hakuna, mafuta hakuna. Niambieni kwa dhati: kwa dalili hizo, fundi wa kawaida atasema nini? Atasema kompyuta imekufa. Na ukimtazama kwa dalili pekee, utasema ana haki.

Nimeliona gari la namna hiyo. Lilikuwa limeshafungiwa kompyuta nyingine, iliyonakiliwa vizuri kabisa, nalo likabaki vilevile. Fundi aliyelichukua baada ya hapo hakuwa na kifaa chochote cha ajabu. Aliweka mita kwenye waya wa volti 5 wa sensa ya throto, akakuta volti 0.04. Akaiacha mita palepale, akaiegemeza kwenye kioo ili aione kutoka mbele ya gari, akaanza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine. Throto, bado. Hewa, bado. Shinikizo la mafuta, bado. Akafika kwenye sensa ya gesi ya kiyoyozi, iliyo chini mbele, karibu na rejeta. Alipoichomoa, mita ikaruka hadi 5.02, na taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Kiyoyozi, ndugu zangu! Nani anakwenda kutafuta gari lisilowaka kwenye kiyoyozi?

Lakini yeye hakuwa anabahatisha. Alijua kwamba waya ule unakwenda mahali pengi, akaufuata hadi mwisho wa kila tawi. Ndiyo maana ninasisitiza, na nitarudia: kabla hujasema kompyuta imekufa, pima volti 5. Kabla hujasema kompyuta imekufa, chomoa sensa zote zinazokula volti 5. Ukiona kodi P0641 au P0651 au P0697, gari lenyewe linakuita hapo kwa jina. Na usipoona kodi yoyote kwa sababu skana haiongei, nenda hapo bila kuitwa.

Na je, ukichomoa sensa zote volti zisirudi? Bado usihukumu. Huenda waya umechubuka njiani na kugusa bodi ya gari. Toa pini ya waya wa volti 5 kwenye soketi ya kompyuta, kompyuta ibaki na umeme wake na ethi zake zote, halafu pima kwenye mguu wa kompyuta yenyewe. Kama gari lako lina waya zaidi ya mmoja wa volti 5, toa pini zote. Umeme upo na umethibitishwa kwa balbu. Ethi zipo na zimethibitishwa kwa balbu. Hakuna mzigo wowote nje. Na volti 5 haipo? Sasa hukumu. Hapo umeifunga kila njia ya kukwepa, na ubovu uko ndani. Unaweza kusimama mbele ya mwenye gari ukamwonyesha kwa mita, naye akaona kwa macho yake.

Tunakwenda mbele. Kuna watu watasema: kwa nini tuhangaike hivyo, wakati kompyuta yenyewe inajipima na kutoa kodi? Ni kweli inajipima, na ni jambo zuri kulielewa.

Kodi za kuanzia P0601 hadi P0607 zinahusu ndani ya boksi. P0601 inatokea hivi: kompyuta inajumlisha namba zilizomo kwenye kumbukumbu yake, na jumla hiyo inalinganishwa na jumla iliyohifadhiwa. Zisipolingana, inajua kwamba kuna kitu kimeharibika kwenye programu. P0604 ni kumbukumbu ya muda, ambayo kompyuta inaandika na kusoma ili kuona kama inachoandika ndicho inachokisoma. P0605 ni kumbukumbu ya kudumu. P0606 ni prosesa. Katika magari yenye throto ya umeme kuna kipande cha pili kinachoilinda prosesa: kinaiuliza maswali mfululizo, nayo lazima ijibu sawasawa na kwa wakati. Ikikosea au ikichelewa, throto inakatiwa nguvu, na gari linabaki na mwendo wa kujikongoja. Hii ni kwa ajili ya uhai wa watu. Kwa hiyo ukiona P0606, usiifute kodi na kumpa mtu gari lake aondoke. Tafuta sababu.

Hata hivyo, hata kodi hizi si hukumu. P0603 inaweza kuja kwa sababu tu betri ilichomolewa jana. P0602 mara nyingi inakuja pale programu ilipokuwa inaandikwa upya na kazi ikakatika katikati. P0606 inaweza kuja kwa betri iliyochoka, inayoshuka hadi volti 8 starta inapozunguka, na prosesa inayumba. Utaratibu wangu ni huu: andika kodi, thibitisha umeme na ethi, futa kodi, endesha gari. Kodi ya ndani ikirudi huku chakula cha kompyuta ni kizuri, hapo naiamini.

Na isije ikadhaniwa kwamba ninawatetea watengenezaji, kana kwamba maboksi yao hayaharibiki. Mwaka 2010 Toyota waliyaita magari zaidi ya milioni moja huko Marekani na Kanada, Corolla na Matrix za modeli za 2005 hadi 2008, kwa sababu ya kompyuta ya injini. Nyufa ziliweza kutokea kwenye sehemu zilizolehemiwa, au kwenye varista, ambazo ni vipande vidogo vinavyoilinda saketi dhidi ya volti kubwa. Gari lingeweza kukataa kuwaka, au injini kuzima likiwa barabarani. Kwa hiyo ufa mdogo usioonekana kwa macho ya kawaida ni jambo la kweli, na limewahi kuwarudisha karakana wenye magari kwa mamia ya maelfu.

Ufa wa aina hiyo unaujuaje? Unautafuta kwa joto. Bodi ya saketi iliyo ndani ya boksi inapopata moto inatanuka, inapopoa inasinyaa, na mlehemu unachoka kwa kurudiarudia huko. Dalili yake ni gari linalowaka vizuri asubuhi, linatembea, likishapata moto linakata. Ukilipumzisha linawaka. Lakini koili inaweza kufanya hivyohivyo! Na sensa ya krenki, inayohisi mzunguko wa injini, inaweza kufanya hivyohivyo, tena hiyo ndiyo inayosifika kwa tabia hiyo. Utazitenganishaje? Usipashe injini, pasha kompyuta peke yake. Injini iwe baridi, imeshawaka, halafu elekeza hewa ya moto taratibu kwenye boksi la kompyuta, lipate moto ambao bado unaweza kuligusa kwa mkono, usizidishe. Injini ikikata huku sensa ya krenki bado ni baridi, umepata jibu. Kisha poza boksi, uone kama inarudi. Fanya mara mbili, ili usidanganywe na sadfa. Na hata kugonga boksi taratibu kwa mpini wa bisibisi ni kipimo, mradi uhakikishe huzitikisi waya, maana ukizitikisa hujui tena kilichojibu ni kipi.

Nije sasa kwenye transista za nguvu. Hapa naomba usikivu wenu wote, kwa sababu hapa ndipo kompyuta inapokufa kweli, na ndipo fundi anapoweza kuua na ya pili.

Injekta za kawaida zina omu 12 hadi 16. Kwa volti 14, mkondo wake ni kama ampea moja. Koili ya injekta ikianza kupiga shoti ndani kwa ndani, omu zikashuka hadi 2, mkondo unaomba kufika ampea 7. Transista iliyotengenezwa kwa ampea moja inapitishiwa hizo. Nyingine zina ulinzi na zitajizima. Nyingine zinaungua. Inapoungua, inaweza kufa kwa namna mbili, na kila moja ina sura yake.

Namna ya kwanza, inabaki wazi: injekta haipati ethi, silinda haifanyi kazi. Namna ya pili, inabaki imefunga, yaani imeunganisha ethi muda wote. Hii ni mbaya zaidi. Ukifungua swichi tu, injekta imeachia mafuta, hata injini haijazungushwa. Silinda inajaa petroli, petroli inashuka kwenye oili, na ukipiga starta unaweza kupinda stiki ya pistoni.

Sasa tazameni jinsi kipimo chake kilivyo chepesi. Injekta iko kwenye ethi muda wote. Je, ni waya uliochubuka, au ni transista? Chomoa soketi ya kompyuta. Ethi ikiendelea kuwapo kwenye waya, waya umegusa bodi ya gari mahali. Ethi ikitoweka, ilikuwa inatoka ndani ya kompyuta. Kipimo kimoja kimekata shauri. Je, kulikuwa na haja ya kubadilisha kompyuta ili "tujaribu"?

Mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti kama mstari kwenye kioo, ataona zaidi. Weka kwenye waya wa injekta. Mstari unakaa juu kwenye volti 14. Kompyuta inapofunga, mstari unashuka hadi karibu na sifuri. Inapoachia, unaruka juu kwa nguvu, volti 60 au 70 hivi kwenye injekta nyingi, kisha unarudi. Transista iliyochoka haishuki hadi chini. Utaona mstari unaning'inia kwenye volti 2 au 3, na injekta inafunguka kwa uvivu. Lakini ngoja! Ethi mbovu ya kompyuta inatoa sura hiyohiyo. Kwa hiyo chukua waya wa pili wa osiloskopu, uweke kwenye ethi ya kompyuta, utazame yote mawili kwa pamoja. Ethi ikipanda pamoja na mstari, rudi kwenye boliti. Ethi ikitulia kwenye sifuri huku mstari umening'inia, kosa ni la transista. Ninawapa hiki kama zawadi, vijana. Mistari miwili kwenye kioo kimoja, na hakuna atakayebishana na wewe.

Kuna gari lililokula kompyuta mbili mfululizo. Ya kwanza iliungua transista ya koili ya silinda ya pili. Ikaletwa nyingine, gari likawaka, mwenye gari akashukuru, akaondoka. Likarudi limekufa palepale, silinda ileile, transista ileile. Kila aliyehusika alikuwa amemchunguza marehemu, na hakuna aliyemtafuta muuaji. Koili ilikuwa inapiga shoti ikipata moto. Ikiwa baridi, omu zake zilikuwa nzuri kabisa. Ikipata moto, zinashuka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukishathibitisha kwamba kompyuta imekufa, kazi yako imefika katikati. Nusu iliyobaki ni kuuliza: imeuawa na nani? Ni koili? Ni mota ya kurekebisha mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta? Ni mtu aliyegeuza nyaya za betri wakati wa kuchomeka betri ya jirani? Ni fundi aliyechomoa betri injini ikiwa inanguruma, alteneta ikatupa volti nyingi kwa ghafla? Ni mchomeleaji aliyechoma bodi ya gari bila kuchomoa betri wala kompyuta? Muulize mwenye gari. Mara nyingi analijua jibu, ila hakuna aliyemuuliza.

Na usisahau maji, na oili pia. Oili ikivuja ndani ya sensa ya shinikizo la oili, inaweza kupanda ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ngozi ya plastiki, ikasafiri hadi kwenye soketi ya kompyuta. Ukichomoa soketi ukakuta unyevunyevu wa oili wakati boksi liko mbali na injini, usiufute tu na kurudisha. Kata kipande cha waya karibu na sensa, ubinye, utaiona ikitoka. Ukifunga kompyuta mpya bila kubadilisha waya na sensa, nayo itanyweshwa oili hiyohiyo.

Ukilifungua boksi, vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli mkononi na ukae mahali pakavu. Tumia miwani ya kukuzia. Nusa kwanza, maana kapasita iliyovuja ina harufu kali. Tazama ukijani wa kutu kwenye njia za shaba, tazama weusi kuzunguka transista, tazama duara jembamba kwenye mguu wa mlehemu uliopasuka. Kompyuta za miaka ya 1990 zinajulikana kwa kapasita zinazovuja na kula bodi. Ukiziwahi zinatengenezeka vizuri tu.

Mawasiliano nitayagusa kwa ufupi. Skana isipoongea na kompyuta, au ukiona U0100, yaani kodi ya kutoisikia kompyuta ya injini, kwenye moduli nyingine za gari, chomoa betri, pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya uchunguzi. Katika gari linalotumia hapo mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari zinaongea kupitia kwazo, unatarajia omu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho. Ukipata 120, mwisho mmoja umepotea, na katika magari mengi rezista moja imo ndani ya kompyuta ya injini. Lakini inaweza pia kuwa ni waya uliokatika. Pima kwenye miguu ya kompyuta yenyewe, ikiwa imechomolewa, ndipo useme.

Mwisho, kuhusu kufunga nyingine. Kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine, hata kama namba zake zinafanana herufi kwa herufi, kwa kawaida haitawasha gari lako lenye imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua funguo, kwa kuwa haizijui funguo zako. Kwa hiyo kabla hujaweka moto wowote kwenye bodi ya kompyuta ya zamani, kabla hujajaribu kulehemu chochote, soma kumbukumbu yake na uihifadhi mahali pawili. Ukiiharibu kabla ya kuisoma, umeongeza tatizo ambalo mwenye gari hakuja nalo. Halafu, kabla ya kuchomeka boksi jipya, pima omu za kila injekta na kila koili ikiwa baridi na ikiwa ya moto, pima chaji ya alteneta ikae kati ya volti 13.5 na 14.7, na urudie balbu kwenye kila ethi. Ndipo uchomeke.

Na kwenye karatasi ya kazi, andika vipimo vyote: volti ya ethi, volti 5 kabla na baada ya kuchomoa sensa, omu za koili. Mpe mwenye gari nakala, hata kama haelewi namba hizo. Fundi atakayelishika gari hilo baada yako atazielewa.

Nashukuru kwa utulivu wenu. Mwenyekiti, nadhani tuna muda wa maswali, na nimemwona mzee pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja koili. Karibu, mzee.